Marikani ya Kiwanja cha Maweni

Siku mliyoniaga, pale chumba cha zamu, mlinipa saa ya ukutani mkaniomba niseme maneno mawili. Nikasema ahsanteni, nikakaa. Mkacheka, mkadhani mzee ana haya. Sikuwa na haya. Niliyokuwa nayo hayakuwa maneno ya kusemwa mbele ya sahani ya sambusa.

Basi nayaandika, anayetaka asome. Miaka yangu ya uwanja wa ndege wa mjini mnaijua, wengine wenu mlikuwa nami. Vyeo sitavitaja, vyangu vilipanda kwa sababu walio mbele yangu walistaafu au walikufa, hakuna la kujisifu. Nitaandika habari za kiwanja kimoja ambacho hata mmoja wenu hakukiona, kiwanja cha Maweni, kule kusini ya Unguja, ndani kidogo ukitoka Jambiani. Kilifungwa miaka ya hamsini. Kwenye karatasi wameandika kwamba ardhi ilikuwa mbovu. Ardhi ilikuwa mbovu tangu Mungu alipoiumba. Kilifungwa kwa sababu yangu mimi, na lawama akabeba mtu mwingine.

Kiwanja chenyewe kilisafishwa wakati wa vita, ili ndege iliyopata shida ipate pa kushukia. Vita vikaisha, hakuna ndege iliyopata shida. Kikabaki majani na mbuzi, mpaka mtu mmoja wa mjini akakumbuka kwamba kila masika barabara ya kusini hukatika, na wagonjwa wa huko hufa kwa kukosa njia tu. Ndipo ikaanza ndege ndogo ya kila Jumanne. Ilileta daktari, dawa na barua, ikirudi inachukua mgonjwa mmoja, wawili wakiwa wembamba.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima, vya binamu yangu aliyekuwa karani. Msimamizi wa kiwanja alikuwa Mzee Pandu, mtu mfupi, mweusi, mwenye nyayo pana zilizopasuka. Alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Vua hivyo."

"Viatu?"

"Naam, viatu. Kiatu hakisikii kitu."

Akanipa mchi wa kutwangia, akachukua na wake, tukaanza kuitembea njia ya ndege toka ncha hadi ncha, miguu mitupu, tukigonga chini kila hatua mbili. Kule kusini juu ni mawe, chini ni mapango. Ukigonga jiwe zima, sauti ni kavu na mchi unakurudi mkononi. Ukigonga penye pango, sauti inazama. Nilikuwa nikitazama majani, akaniambia niache kutazama. Shimo unaloliona, alisema, hata mbuzi analiona. Mshahara tunapewa kwa lile lisiloonekana. Mwezi mzima nilitembea nyuma yake kabla ya kuniamini nigonge peke yangu. Mchi wangu, nikwambieni, ulikuwa wa mkewe, na kila Ramadhani ikikaribia aliudai kwa maneno makali, na usalama wa anga ukangoja mpaka atwange mchele wake.

Nyinyi leo mnakagua njia ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Sisemi kitu.

Vyombo vyetu vingine vilikuwa mafyekeo mawili, toroli ya kubebea kifusi, madebe ya chokaa ya kupaka mawe ya kando, mfuko wa kuonyesha upepo uliojaa viraka, bendera nyekundu, na marikani, kitambaa cheupe cha pamba. Hiyo marikani ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa vipande viwili virefu, na kila kipande ni mapana mawili yaliyoungwa kwa mshono wa katikati. Niliishona mimi, kwa uzi wa nyavu, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Njia ikiwa mbovu, tuliitandaza katikati ya kiwanja, kipande kimoja kikipita juu ya chenzake, na rubani akiiona toka juu anajua asitue. Wakubwa waliiita alama ya msalaba. Wazee wa kijiji, ambao makaburi yao yako ncha ya kusini ya kiwanja, hawakutaka kusikia habari ya msalaba pale. Wakaiita mkasi, nasi tukaiita mkasi.

Na bendera. Mkumbuke bendera. Ndege ikisikika, kazi yangu ilikuwa kuikimbia njia nzima nikiipepea, niwafukuze mbuzi na ng'ombe. Nilifanya hivyo kila Jumanne kwa zaidi ya miaka mitatu. Rubani alikuwa Mwingereza mmoja mwenye miguu mirefu kupita kiasi, kijijini wakamwita Marefu. Akishatua, neno lake la kwanza lilikuwa lile lile, "Vuai, leo mbuzi ngapi?" Nami nikimtajia idadi, hata siku ambazo hakukuwa na mbuzi, kwa kuwa alifurahi kusikia. Alikunywa dafu lake akiwa amesimama, akampa mkono kila mtu, mpaka watoto. Nilimpenda mtu yule. Naliandika wazi, kwa sababu wakati ule sikulisema.

Kulikuwa na siku za kheri. Mwanamke mmoja aliletwa kwenye kitanda cha kamba, uchungu siku ya tatu, macho yameshageuka. Marefu hakuzima hata injini. Jumanne mbili baadaye mama yule akarudi na pacha, na bibi yao akataka mmoja aitwe Marefu, sheha akakataa. Nilidhani nina kazi ambayo hata malaika angeitamani. Miaka ile mitatu ndiyo niliyoishi, hii mingine nimeihesabu tu.

Masika moja mvua zilishuka wiki nzima bila ya kupumua. Jumapili Mzee Pandu aligonga mahali ambapo magurudumu hutua, sauti ikazama. Akagonga tena, na ardhi ikaingia ndani mbele yetu, shimo la kumeza debe, na kandoni mwake kote kulikuwa kutupu chini. Majani yalifunga juu, ukiwa mbali huoni kitu. Tukatandaza mkasi, tukaukandamiza kwa mawe. Tukaenda kwenye ofisi ya Mudir, mtawala wa wilaya, kupiga simu mjini. Nguzo zilikuwa zimeanguka, simu kimya. Jumatatu alfajiri Mzee Pandu akapanda gari la shamba kwenda kutoa habari mwenyewe.

"Mkasi usitoke kiwanjani mpaka nirudi," akaniambia, mguu mmoja ukiwa garini. "Hata nikikawia. Ushasikia?"

"Nshasikia, Mzee."

Hakufika mjini. Karibu na Tunguu maji yalikuwa yamekata barabara, gari likakwama, yeye akalala msikitini kungoja yapungue. Mimi hayo sikuyajua. Niliamini habari imefika.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, Mzee Khatib wa kijijini kwetu akafariki. Shemeji yake, Mcha, kaka wa mkewe Bi Mize, akanijia kiwanjani, kanzu imelowa mwili mzima. Duka la pekee lilikuwa limefungwa. Mwenyewe yuko mjini, mvua imemzuia, na mlango wake una kufuli mbili.

"Bwana Vuai, tuna maiti na hatuna sanda," akasema. Akaitazama marikani pale chini. "Nyeupe, safi, Mungu kaileta."

"Mzee Pandu kanambia isitoke."

"Mzee Pandu angekuwepo angeikunja kwa mikono yake. Utampeleka Mzee Khatib kwa Mola wake na shuka ya kitandani?"

Kwetu maiti hangojeshwi. Sanda ikiombwa hainyimwi, wala haidaiwi tena. Mtu aliyenyima sanda angekaa kijiji gani? Nikajiambia kwamba ndege haitakuja, habari imeshafika mjini. Na hata ikija, nitauchora mkasi kwa chokaa. Nikayaondoa mawe, nikaikunja, nikampa. Kisha nikachukua debe la chokaa nikachora mkasi juu ya majani, mpana na mzuri, nikasimama kuutazama na moyo wangu ukatulia. Alasiri nikaenda mazikoni. Jeneza lilikuwa limefunikwa kwa kanga na kitambaa cha kijani, sikuiona sanda, na sanda ya mtu haichunguliwi.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta mkasi wangu umekuwa maji meupe kwenye vishimo vya mawe, na debe lilikuwa tupu. Nikakimbilia kwenye tanuu la chokaa, nusu saa kwenda. Nilikuwa ninarudi, debe kichwani, nikasikia ndege. Ilikuja mapema kuliko kawaida, labda kuwahi mawingu.

Nikalitupa debe, nikaikamata bendera, nikakimbia. Nilikimbia njia nzima nikiipepea kwa mikono miwili, ninapiga kelele ambazo hakuna aliye juu anayezisikia. Marefu akanipita chini chini, nikamwona uso, nikamwona anatabasamu. Akainamisha bawa moja kunisalimu, kama kila Jumanne. Ananiona ninafukuza mbuzi. Akazunguka, akatua.

Gurudumu la kulia liliingia shimoni na ndege ikasimama juu ya pua yake, ikapinduka. Daktari tulimtoa na bega limevunjika. Marefu alibanwa miguu. Tulikata bati kwa mapanga, wanaume wanane, naye akitwambia kwa upole wapi tukate. Tulipomtoa, miguu ile haikuwa miguu tena. Ikabidi apelekwe hospitali ya mjini, na cha kumpeleka, mnakiona, kilikuwa kimelala kifudifudi mbele yetu. Tukamtia kwenye lori la mawe, juu ya kitanda cha kamba, kichwa chake mapajani mwangu, tukaishika ile barabara ambayo ndege iliwekwa kwa ajili ya ubovu wake.

Njiani aliniuliza mara moja, "Vuai, mbuzi ngapi?" Nikamwambia hapakuwa na mbuzi. Sijui kama alinielewa. Lori lilisimama kwenye yale maji ya karibu na Tunguu, na pale ukingoni, tukiwaita watu watusaidie kumvusha, alikufa.

Miongoni mwa watu waliokuja mbio kutoka msikitini alikuwa Mzee Pandu. Alitazama ndani ya lori, kisha akanitazama mimi.

"Mkasi?"

Nikamweleza yote, la sanda na la chokaa. Alisikiliza hadi mwisho, maji yakimfika magotini.

"Nani anajua kama uliitoa?"

"Mimi na Mcha."

"Basi isizidi hapo," akasema, akashika upande mmoja wa kitanda kumvusha Marefu.

Baada ya siku chache wakaja wakubwa watatu kutoka mjini, na askari wawili. Walisimama kwenye shimo, wakapiga picha, wakaandika. Kisha mmoja akauliza kitambaa cha alama kiko wapi. Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Mzee Pandu alikuwa kasimama kando yangu, akanikanyaga vidole kwa ule wayo wake mgumu, akabaki amenikanyaga.

"Kilioza," akasema. "Nikakichoma moto. Nikasahau kuomba kipya."

"Ulikichoma lini?"

"Zamani kidogo."

Mkubwa akaandika. Nilielewa kwa nini amesema vile. Angesema kiko kaburini, watu wale wangetaka kukiona, na kukiona ni kumfukua Mzee Khatib mbele ya mjane wake. Hakuna kosa la kiwanja linalofikia hilo. Nilielewa pia kwamba ananiokoa mimi, na nikakubali kuokolewa. Nilikuwa na mke mchanga na hofu. Hiyo hofu ndiyo iliyonyamaza, heshima ya maiti niliisingizia baadaye.

Mzee Pandu akafukuzwa kazi wiki ile, akaambiwa ana bahati hakufungwa. Kiwanja kikafungwa mwezi uliofuata. Mcha alipowaona askari alipotea, nikasikia yuko Pemba, hakurudi. Mimi, kwa kuwa nilionekana nikikimbia na bendera kujaribu kuzuia ajali, nilisifiwa kwenye karatasi na kuhamishiwa mjini. Hapo ndipo ilipoanza ile kazi ndefu mliyonipigia makofi.

Masika ya pili yake, dada yangu alishikwa na uchungu kule kusini. Wakamtia kwenye kitanda cha kamba, wakaishika barabara. Yeye hakufika hata Tunguu. Wakanijia mjini na habari, nami nilikuwa zamu, ninazipungia bendera ndege za abiria. Niliendelea hadi zamu ikaisha, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda na mwili wangu.

Na Mzee Pandu? Alirudi kuvunja mawe na kuchoma chokaa, kazi ya vijana, na umri wake ule. Mwanzo nilimpelekea sukari na mchele. Alipokea, akaniuliza habari za mjini, hakunitajia lolote. Ule upole nilishindwa nao. Nikaanza kupita njia ya nyuma nikienda kwetu, kisha nikaacha kwenda. Nilijua anapougua, nilijua macho yanapomharibika kwa moshi wa tanuu. Miaka saba, nyumba yake haikuniona. Nilijidanganya kwamba angalau alichokilinda kilikuwa na maana, kwamba maiti amelala na sanda yake kwa amani.

Alipofariki nilipata habari asubuhi, nikachukua gari la kwanza. Nilibeba marikani mpya toka mjini, ya bei ya juu, kama vile marikani ingeweza kunisemea. Wanaume walikuwa uani wanatayarisha maji ya kumuoshea. Bi Mize, mjane wa Mzee Khatib, alikuwa mlangoni, ameshakuwa bibi kizee.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ulokuja nayo iweke. Sanda ya Pandu ipo." Akanipa bunda lililofungwa kwenye kanga, linanukia udi.

Nikalifungua. Marikani imegeuka rangi ya maziwa, na katikati yake mshono wa uzi wa nyavu, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona.

"Bi Mize, hii si alizikwa nayo Mzee Khatib?"

"Hakuzikwa nayo. Marehemu alikuwa na sanda yake chini ya sanduku, kanunua zamani asitwambie. Tulipofungua kutafuta udi, tukaiona. Hii yako Mcha akaiweka, kasema kesho asubuhi atairejesha kiwanjani."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ndo siku ile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Nlikuwa edani, mwanangu. Miezi mine na siku kumi, nani angenuliza, na mie ningemwambia nani? Nlipotoka nlimwendea Pandu, nkampa. Kaitazama sana. Kanambia niirejeshe sandukuni, ije iwe sanda yake, nisimwambie mtu, wewe hasa. Kasema, 'Yule akijua haikutumika, hatoweza kuishi. Naye bado kijana.'"

Alikuwa akijua. Alikuwa akijua kwamba amejitoa kulilinda kaburi ambalo halikuwa na kitu cha kulindwa, na kwamba Marefu alikufa kwa kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani ya sanduku, mwendo wa dakika chache kutoka shimoni. Ameketi na hilo peke yake, anachoma chokaa, ili mimi nisilijue. Na mimi nilikuwa ninapita njia ya nyuma.

Uani wakaitisha sanda. Sanda haitakiwi kuwa na mshono, mtu mmoja akauliza nani atafumua huu. Nikasema mimi. Wakanipa wembe. Nilikaa chini, nikaitandaza mapajani, nikazikata nyuzi zangu moja moja, kutoka ncha hadi ncha, nilivyofundishwa kuitembea njia. Tulimzika jioni, ncha ya kusini, karibu na mahali tulipokuwa tukiweka mawe ya chokaa. Kiwanja chote kilikuwa kimeota vichaka.

Aliniambia marikani ile isitoke kiwanjani mpaka arudi mwenyewe. Siku ile alirudi, nami nilimteremsha nayo kaburini, kwa mikono hii.